Hanga na Kaburi Tunaloambiwa Tusilifukue



Sisi Wazanzibari wa mji huu wa Uingereza ninaokaa, kila mwaka kabla ya Ramadhani tunafanya hitma moja kubwa ya marehemu wetu wote. Karatasi inapita mkono kwa mkono, kila mtu anaandika majina ya watu wake, kisha shekhe anayasoma mbele ya watu kabla ya dua. Safari iliyopita shekhe alisoma vizuri mpaka kufika katikati ya ukurasa, akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasoma: Abdulla Kassim Hanga.

Ukumbi ulikuwa kimya, kile kimya tunachokijua sisi tuliokulia Unguja ya miaka ile. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Huyu kafa lini?" Hakuna aliyemjibu. Mwengine, ambaye ukoo wake uliondolewa roho Januari 1964, akainuka na kusema wazi wazi kwamba yeye hana dua ya kumwombea mtu huyo. Na wa tatu, mtu mpole ambaye hasemi sana, akasema neno ambalo mimi limenikaa mpaka leo: "Kwanza hatujui kama alioshwa."

Shekhe akasema tutamsomea, na waliokuwa hawataki wakae kimya. Tukamsomea. Lakini chai ya siku ile haikunyweka kwa raha, na mjadala uliofuata ndio ulionifanya nikae kuandika haya.

Kwa vijana wetu waliozaliwa huku na wasiojua, niwaeleze kidogo. Hanga alizaliwa mwaka 1932. Alikuwa mtoto wa Afro-Shirazi, akapanda mpaka kuwa naibu katibu mkuu wa chama. Alisoma nje, na huko Moscow akaoa. Serikali ya Mapinduzi ilipotangazwa Januari 1964, Karume alikuwa Rais, Babu alishika mambo ya nje, na Hanga alikuwa Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 31 au 32 tu! Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 akahamia Dar es Salaam na kuwa waziri katika serikali ya Muungano. Halafu mambo yakaharibika. Oscar Kambona, rafiki yake, alikimbia nchi Julai 1967. Hanga naye alikuwa nje, lakini yeye alirudi, na mwisho wa mwaka ule akakamatwa.

Hapo nataka tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa nje kama sisi tulivyo nje. Alikuwa na marafiki wakubwa, Guinea kwa Sékou Touré pakiwa kwake, na mtu mwenye hofu ya kweli ya jinai yake harudi kwa miguu yake kwenye mdomo wa simba. Ama aliamini hana kosa, ama aliamini kwamba wenzake wana mipaka. La kwanza sijui. La pili alikosea.

Mwaka 1969 Hanga na Othman Shariff, ambaye alipata kuwa balozi wetu Washington, walitolewa Bara wakaletwa Unguja. Zikatajwa njama za kupindua serikali. Kesi ya wazi haikuwepo, wakili hakuwepo, ushahidi haukuwekwa mezani watu wakauona. Wakauawa. Basi. Hiyo "basi" ndiyo taarifa nzima ambayo jamaa zao wamepewa kwa miaka zaidi ya hamsini. Siku gani, kwa amri ya nani iliyoandikwa wapi, mwili uko wapi: hakuna serikali, ya Unguja wala ya Muungano, iliyokaa ikayajibu hayo kwa ukamilifu. Na hao hawakuwa wawili tu. Abdulaziz Twala na Saleh Saadalla, watu waliopata kuwa mawaziri, nao walimezwa na miaka ile ile, achilia mbali watu wa kawaida ambao majina yao wanayajua mama zao tu, na mama wenyewe wamekwisha kufa.

Masimulizi yapo, tena mengi kupita kiasi. Kila mzee ana lake: huyu atakwambia walitoswa baharini, yule atakutajia shamba, mwengine atakwambia alisikia kwa askari aliyekuwa zamu. Mimi sitayarudia hapa. Uvumi ni mtoto wa kunyamaza kwa serikali, na ukiuzaa uvumi usilalamike kwamba watu wanasema uongo. Dk. Harith Ghassany katika kitabu chake cha Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! kilichotoka mwaka 2010 alizunguka akikusanya kauli za wazee kabla hawajaondoka, na kazi ile, ukubali hitimisho lake au usilikubali, ilifanywa na mtu mmoja kwa juhudi zake. Kwa nini ifanywe na mtu mmoja aliyeko nje wakati nyaraka, majela na waliokuwa na funguo za majela walikuwa ndani?

Sasa nije kwenye neno lile ambalo tunatupiwa kila tukiuliza: "Msifukue makaburi."

Nimelisikia neno hili kwa wanasiasa, kwa masheha, hata kwa jamaa zangu mwenyewe kwenye simu, tena kwa nia njema. Nchi imetulia, wanasema, ya nini kufukua makaburi? Na mimi nauliza kwa adabu kabisa: makaburi yepi? Kufukua kunataka kaburi liwepo. Tuonyesheni! Tuonyesheni tuta la mchanga lenye jiwe kichwani, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema lisiguswe, tukae pembeni tusome Yasini turudi majumbani kwetu. Anayezuiwa hapa kulifukua kaburi ni yule yule aliyenyimwa kulizika. Hatuombi kufukua, tunaomba kuzika.

Na tusilichukulie jambo hili kama la siasa tu. Katika mila na dini yetu maiti ana haki nne kwa waliobaki: aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe. Haki hizo hazimwangalii mtu alikuwa chama gani. Mwizi anazo, muuaji anazo, aliyenyongwa kwa hukumu halali anazo. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, lakini siku hizo zinahesabiwa kutoka wapi ikiwa hakuna aliyemwambia tarehe? Nimekua nikiona mtaani kwetu mama mmoja ambaye mumewe alichukuliwa usiku. Hakuvaa nguo za eda na hakuzivua. Alikuwa hapo katikati, si mke si mjane, na sisi watoto tulifundishwa tusimwulize. Kila akisikia gari limesimama nje alikuwa anainuka kidogo kwenye kiti, kisha anakaa tena. Alifanya hivyo mpaka uzee wake. Huyo mimwambie asifukue makaburi?

Hapo ndipo ninapotaka kumrudia yule ndugu yetu aliyekataa kumwombea dua Hanga, kwa sababu yeye nimemheshimu kuliko wale waliocheka kwa chini. Hoja yake ni nzito na sitaki kuipita mbio.

Alisema hivi: serikali ya Januari 1964 ndiyo iliyofungua mlango. Watu waliuawa Unguja siku zile, na hata idadi yao hatujaijua. Wako wanaotaja mamia, wako wanaotaja maelfu, wako wanaopita elfu kumi. Mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kesi. Mawaziri wa serikali iliyopinduliwa, kina Mohamed Shamte na Ali Muhsin, wakakaa katika majela ya Bara kwa kiasi cha miaka kumi, bila hakimu kuwaambia kosa lao. Na Hanga alikuwa wapi? Alikuwa Waziri Mkuu! Alikula kiapo, alikaa kwenye meza. Leo tumlilie yeye, tuwasahau wale ambao hata jina lao halikuingia kwenye karatasi ya hitma kwa kuwa ukoo mzima haukubaki mtu wa kuliandika?

Ndugu yangu, sikatai hata neno moja. Na sitakuambia kwamba Hanga hakujua, au kwamba alikuwa mtu mzuri aliyezungukwa na wabaya. Hiyo ni hadithi wanayoisema wafuasi wake na mimi si mfuasi wake. Lakini angalia unachokisema. Kama Hanga alikuwa na damu mkononi, pahala pa kuthibitisha ilikuwa mahakamani, mbele ya watu, na wewe na ukoo wako mngepata nafasi ya kusimama na kumwelekezea kidole. Waliomuua gizani hawakukulipia kisasi chako. Walikunyang'anya shahidi! Kila alichokijua juu ya Januari 1964, nani alitoa amri, nani alikwenda shamba gani, majina na mahali, alikwenda nacho. Wanaouliza "Hanga yuko wapi" na wanaouliza "wa kwetu wa 1964 wako wapi" wanabisha hodi mlango mmoja. Tukigombana hapo nje, wenye nyumba wanaendelea kulala.

Tena mimi nasema hivi, na najua wako watakaonikasirikia: madai yetu hayatakuwa na uzito mpaka tuwe na moyo wa kumdai hata yule tusiyempenda. Muarabu akimdai Muarabu mwenzake, Mshirazi akamdai Mshirazi, Muafrika akamdai Muafrika, hiyo bado ni ile ile Zama za Siasa ya 1957 mpaka 1963 iliyotufikisha hapa. Ndiyo maana nimemchagua Hanga, mtu ambaye pande zote mbili wana sababu ya kumsahau. Wapinzani wake wanamwona mpinduzi, na wapinduzi wenzake ndio waliommaliza.

Nije Bara kidogo, maana Waunguja tuna tabia ya kulimaliza jambo hili kwa Karume peke yake, na ndugu zetu wa Bara wanatuachia tu tuendelee hivyo. Hanga alikuwa waziri wa Muungano. Alikuwa mikononi mwa dola ya Muungano, na Rais wa dola hiyo alikuwa Mwalimu Nyerere. Hakuvuka bahari mwenyewe, alivushwa. Aliyempokea ana jawabu lake mbele ya Mungu, na aliyemkabidhi naye ana lake.

Na kwamba Dar es Salaam walijua walichokifanya, tazama kilichotokea miaka mitatu baadaye. Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Babu na wenzake wakakamatwa Bara, na Unguja ikawadai walete wahukumiwe. Safari hii Nyerere alikataa. Kesi ikaendeshwa Unguja, Babu akahukumiwa kifo mwaka 1974 akiwa hayupo mahakamani, lakini hakuvushwa. Alibaki katika jela ya Bara mpaka akaachiwa mwaka 1978, na akaja kuishi huku huku nje, akafundisha, akaandika, akafa kitandani London mwaka 1996. Sasa kwa nini Babu hakuvushwa? Jawabu mimi naliona ni moja tu: kwa sababu Hanga na Othman Shariff walivushwa. Mtu huogopa jiko lililokwisha kumuunguza. Namshukuru Mwalimu kwa 1972, lakini shukurani hiyo yenyewe ni ushahidi wa 1969.

Moscow alikoacha mke, Hanga aliacha na mtoto. Mke ni Lily Golden, mwanachuoni wa mambo ya Afrika, ambaye baba yake alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Mississippi aliyehamia Uzbekistan mwaka 1931 kwa kazi ya kilimo cha pamba. (Ukisikia watu wakisema sisi ndio tuliotawanyika dunia nzima, kumbuka ukoo huu.) Mtoto ni Yelena Khanga, aliyezaliwa mwaka 1962, mwandishi wa habari na mtangazaji mashuhuri wa televisheni Urusi. Alikuwa na umri wa miaka saba baba yake alipouawa. Akiwa mtu mzima alifanya kazi ya kuutafuta ukoo wake, Marekani upande mmoja na Afrika upande wa pili, na akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1992. Mtoto wa waziri mkuu, raia wa nchi nyengine, mwenye jina na kalamu, ilimbidi amtafute baba yake kwa kuulizia kwa watu kama anayetafuta mzigo uliopotea bandarini. Jee, mtoto wa mvuvi wa Nungwi au mwendesha gari wa Ng'ambo atauliza wapi?

Na msiniambie miaka imekuwa mingi. Hilo ndilo neno la pili tunalotupiwa, na jawabu lake liko Afrika Kusini.

Ahmed Timol alikuwa mwalimu wa skuli, Muislamu, kijana wa miaka 29. Alikamatwa Johannesburg usiku wa 22 Oktoba 1971, na tarehe 27 akaanguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square. Polisi wakasema kajirusha mwenyewe. Hakimu wa uchunguzi mwaka 1972 akakubali: kajiua. Ukoo wake haukukubali, na mpwa wake akalishikilia jambo hili utu uzima wake wote, akitafuta mashahidi mmoja mmoja. Mwaka 2017 uchunguzi ukafunguliwa upya. Wakaja wataalamu wa maiti wakaeleza majeraha ambayo hayakutokana na kuanguka. Akaja mtu aliyeuona mwili ukianguka asubuhi, wakati polisi walisema ni alasiri. Tarehe 12 Oktoba 2017 Jaji Billy Mothle akatamka kwamba Timol hakujiua, aliuawa. Ilikuwa miaka 46 kasoro siku chache. Polisi mmoja mzee, João Rodrigues, akashitakiwa mwaka 2018 akiwa na umri wa kukaribia miaka 80, na akafa mwaka 2021 kabla kesi haijasikilizwa. Haki kamili haikupatikana, hilo ni kweli. Lakini kwenye daftari la serikali neno "kajiua" limefutwa.

Kuna kitu kimoja katika kisa cha Timol kinachoniuma zaidi. Maiti yake ilirejeshwa. Waliomwosha waliona alichofanyiwa, na ilikuwa moja ya sababu za ukoo kukataa uongo tangu siku ya kwanza. Hata makaburu, ndugu zangu, hata makaburu walirejesha maiti! Na sisi tuliokuwa tukiwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini kambi na redio, tukiwaimbia nyimbo skuli, Hanga wetu hatukumrejesha.

Wakenya nao wamejaribu kwa njia yao. Tume yao ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2013, na ndani yake mauaji ya Pinto, Mboya na J.M. Kariuki yametajwa na kuchambuliwa. Serikali imeikalia ripoti hiyo, lakini iko, mtoto wa Mkenya anaweza kuifungua na kusoma. Kwetu maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 yalitupa serikali ya umoja wa kitaifa, wakubwa wakakaa meza moja wakagawana wizara. Nilifurahi kama wengine. Lakini waliokufa hawakugaiwa kitu, hata tarehe.

Sitaki tume yenye magari na posho, na sitaki mtu wa miaka themanini atiwe pingu. Nataka waraka mmoja wa serikali, ukurasa mmoja unatosha, wenye jina la kila aliyechukuliwa kati ya Januari 1964 na Aprili 1972 asirudi: alikamatwa lini, alishikiliwa wapi, alikufa lini, kwa amri ya nani, na amelazwa wapi. Kama alitoswa baharini, iandikwe baharini, tutajua pa kumsalia. Sala ya ghaibu ipo, lakini hata sala ya ghaibu humsalii mtu usiyeambiwa kwa yakini kwamba amekufa.

Na kama serikali haitaki kuandika, basi maneno yangu ya mwisho nayapeleka kwa wengine. Askari aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1969 leo amevuka sabini na tano. Dereva wa gari, mpishi wa jela, karani aliyepiga taipu, baharia wa boti, wamebaki wachache na kila mwaka wanapungua. Mmoja wao pengine anasomewa haya na mjukuu wake saa hii. Babu, hatukuulizi ulifanya nini. Tunakuuliza uliona nini. Mwambie mjukuu achukue karatasi aandike, bila ya jina lako ukitaka, aiweke ndani ya msahafu wako. Siku ukiondoka wataifungua wanao.